Hadithi Iliyohamia Kitabuni

Msomaji, yamkini nawe umewahi kuipenda hadithi hata ukawaona watu wake kuwa kama jirani zako. Siku ikomapo huwa kama umefiwa. Na ukisikia kwamba yaendelea mahali pengine, huenda mbio kuifuata. Nataka kukueleza habari za mbio za namna hiyo, na kilichotukuta mwisho wake, katika nchi yetu ya chai iliyo kati ya Kericho na Bomet.

Hadithi yenyewe ilitoka mbali. Ni mchezo wa picha za kuchorwa uitwao Avatar: The Last Airbender. Ulibuniwa Marekani na Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, ukaonyeshwa katika televisheni toka mwaka 2005 hata 2008. Una sehemu 61, zilizogawanywa katika vitabu 3: Maji, Ardhi na Moto. Sisi ulitufikia baadaye, kwa dividii zilizouzwa mjini Kericho. Na zetu zilinunuliwa kwa fedha za bonasi ya majani chai, msimu ambao kila mkulima mdogo hujiona tajiri kwa muda wa wiki moja. Tulitazama jioni, majani yakiwa yamekwisha kupimwa kituoni, watoto wa nyumba 3 tukibanana katika benchi moja.

Katika mchezo huo yumo Zuko, mwana wa mfalme, aliyechomwa uso na baba yake mwenyewe kisha akafukuzwa nchini. Yumo pia mzee Iroh, baba mkubwa wa Zuko, ambaye alikikosa kiti cha enzi asisikitike sana, maana alipenda chai kuliko enzi. Mwisho wake akawa na duka la chai katika mji mkubwa wa Ba Sing Se. Waweza kukisia jinsi watoto wa wachumaji chai walivyompokea mzee wa namna hiyo. Nyanya yetu, ambaye kwa Kikipsigis twamwita Gogo, hakujua neno la Kiingereza. Lakini alipomwona Iroh akimwaga chai iliyoharibika ili aipike upya, alisema huyo amelelewa vizuri.

Sasa sikiliza jambo lililotutesa. Katika sehemu ya mwisho Zuko amekwisha kuwa mfalme. Aingia gerezani alimofungwa baba yake, naye amwuliza mama yake yuko wapi. Mchezo wakoma bila jibu.

Wengi wetu tuliguna tu. Lakini alikuwapo ndugu yangu mmoja, mwana wa mama mdogo, ambaye mama yake alikwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani mtoto akiwa na miaka 7. Mwanzo simu zilikuja kila mwezi, halafu zikaja mara chache, halafu zikakoma. Hakusema kwamba swali la Zuko lilikuwa swali lake. Kwetu watoto hawasemi mambo hayo, wala wakubwa hawawaulizi. Lakini niliona kuwa sehemu ile aliirudia mara nyingi kuliko vita vyote vya moto na maji.

Jibu lilitolewa mwaka 2013, si katika televisheni, bali katika kitabu cha katuni kiitwacho The Search. Mwandishi wake ni Gene Luen Yang, na picha zilichorwa na Gurihiru, jina la wanawake 2 wa Japani wanaochora kwa pamoja. Kabla yake, mwaka 2012, kilikuwa kimetoka The Promise. Vitabu hivi si kazi ya wezi wa majina. Wabunifu wa mchezo wenyewe walishiriki. Shangazi yetu aishiye Marekani alituletea vyote viwili alipokuja likizo, vimefungwa ndani ya kanga ili visikunjike.

Msomaji, tulivifungua kama watu wafunguao barua. Na huzuni ya kwanza ilikuja kabla ya kufika ukurasa wa kumi. Kitabu kilikuwa kimya! Usicheke. Katika mchezo sauti ya Iroh ilikuwa ya mwigizaji Mako, aliyefariki mwaka 2006 kabla kazi haijaisha. Nafasi yake ikashikwa na Greg Baldwin, ambaye alimwiga kwa uangalifu hata sisi hatukugundua mpaka tulipoambiwa. Iroh kwetu alikuwa sauti ile nzito, yenye kukwaruza kidogo. Ndani ya kitabu alikuwa na ndevu zake, tumbo lake na birika lake, hata akabuni chai mpya yenye punje laini za wanga ndani yake. Lakini alikuwa kama picha ya marehemu ukutani. Mfikirie Mzee Ojwang' wa Vitimbi, yaani Benson Wanjau aliyetutoka mwaka 2015, achorwe vizuri kofia na miwani, kisha maneno yake yaandikwe ndani ya kiputo juu ya kichwa. Ungemtambua, lakini ungecheka?

Tena kuna mwendo. Waliotengeneza mchezo ule waliazima mapigano ya kweli ya Kichina, kila taifa na mtindo wake: watu wa maji wana mwendo wa tai chi, watu wa moto wana mapigo ya Shaolin ya kaskazini. Ulimjua mtu kwa jinsi alivyosogeza bega. Picha iliyosimama haiwezi kulitenda hilo, hata mchoraji awe hodari namna gani. Yaweza tu kukuonyesha mkono ulipoanzia na mahali ulipokomea, nawe ujaze katikati.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni haraka. The Promise yaanza kwa Zuko kumtaka Aang, shujaa wa hadithi, aahidi kumwua ikiwa atakuwa mwovu kama baba yake. Wapenzi wengi wa mchezo walinung'unika, na naona walikuwa na haki. Kijana yule alitumia sehemu 61 kujitoa katika kivuli cha baba yake, nasi tukitembea naye hatua kwa hatua. Kisha kwa kurasa chache arudishwa mlangoni alikotoka. Kitabu kilihitaji ugomvi, kikauchukua ule wa zamani.

Hata hivyo nisiwatwishe waandishi wa katuni lawama za wote. Wale wa Buffy the Vampire Slayer, mchezo uliokoma mwaka 2003, waliendelezewa hadithi yao katika katuni toka 2007 na mbunifu yule yule, Joss Whedon. Wakalalamika kwa sababu iliyo kinyume. Karatasi haina gharama ya majengo wala waigizaji, basi mambo yakawa makubwa kupita kiasi, hata mdogo wake Buffy akafanywa jitu refu kama mnara. Wala sisemi kuwa katuni ni sanaa ya chini. Shujaaz ilipoanza hapa Kenya mwaka 2010, kijana DJ Boyie akitangaza redio yake kwa siri, alizaliwa ndani ya katuni, na vijana wengi walimpenda hapo hapo alipozaliwa. Taabu ni ya kuhama.

Lakini mbona Gogo alihamisha hadithi kila jioni tusilalamike? Zimwi lake, Chemosit, mara lilikuwa na mguu mmoja likaruka kwa kutumia fimbo, mara lilikufa mtoni, mara lilikimbilia msituni Mau. Nimelifikiri jambo hili sana. Nadhani ni kwa kuwa Gogo alikuwa mbele yetu. Ukipinga, alikujibu, ukilia, aliugeuza mwisho. Hadithi ilimtazama msikilizaji wake. Kitabu kilichochapwa Marekani hakikumjua mtoto aliyekishika chini ya mwarobaini wa— la, huku kwetu hakuna mwarobaini. Alikishika chini ya mgravilea, ukingoni mwa shamba la chai.

Maana jibu la swali lile lilikuwa hili. Ursa, mama yake Zuko, alifukuzwa na mumewe na kutishwa kuwa akiwachukua watoto watawindwa. Akarudi kijijini kwao, na kwa kuwa maumivu ya kuwakosa yalimzidi, alimwendea pepo mwenye kugawa sura, akaomba apewe uso mwingine na asahaulishwe yote ya zamani. Zuko amkuta ana jina jipya, mume, na binti mdogo. Hamjui.

Ndugu yangu alikifunga kitabu hapo. Alikuwa na miaka 13. Alimweleza Gogo kisa hicho, kwa kuwa mimi sikuwa na neno la kumpa.

Gogo akamwuliza, "Alisahau mwenyewe, au aliomba kusahaulishwa?"

"Aliomba, Gogo."

"Basi kilikuwapo kitu kilichomwuma."

"Hata kama kilimwuma," akasema, "mwandishi asingemfanya aombe."

Nimesoma malalamiko mengi ya wapenzi wa mchezo ule: sura hazikufanana, vita vilikuwa vichache, barua fulani ilileta wasiwasi wa bure juu ya baba halisi wa Zuko. Sijakuta lalamiko zito kama lake. Wala siwezi kusema kwamba mwandishi alikosea, kwa kuwa wako kina mama walioondoka kwa sababu kama ile, na mtu fulani hana budi kuwaandika.

Kurasa zilizobaki, ambamo Ursa arudishiwa kumbukumbu na kumwomba mwanawe radhi, alizisoma miaka 5 baadaye, usiku wa kuamkia safari yake ya Nairobi kutafuta kazi. Asubuhi alinirudishia kitabu. Nilimwuliza amekionaje. Alisema kuwa mwisho umekwenda upesi mno, wangeuongezea kurasa, kisha akaenda kufunga mizigo.