Mji Unaoota Moto wa Kiwanda

Mgeni anayeshuka garimoshi mjini Luleå, kaskazini ya Uswidi, wakati wa majira ya baridi, hulakiwa na giza na baridi. Mwezi Desemba jua huchungulia kwa muda wa saa tatu hivi, kisha hutoweka. Bahari huganda, na watu hutembea juu yake na watoto wao kama sisi tutembeavyo ufukoni. Kuna siku kipimo hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri.

Lakini ingia ndani ya nyumba yoyote. Utavua koti, utavua na sweta, na watoto utawakuta wakicheza sakafuni bila soksi. Utatafuta jiko usilione. Utatafuta kuni na moshi, usivione. Chini ya dirisha pana bamba la chuma lenye joto, basi. Joto lile limetoka mbali na nyumba hiyo, katika kiwanda cha chuma kilichoko kando ya bahari.

Ndugu msomaji, mama wa kwetu akimaliza kusonga ugali hamwagi makaa. Hubandika sufuria ya maji ya kuoga juu ya makaa yale yale, na jamaa wote wakaoga kwa moto uliokwisha fanya kazi yake. Watu wa Luleå wamefanya hivyo kwa mji mzima.

Mtapo wa chuma huletwa kwa reli kutoka migodi ya Kiruna na Malmberget. Ndani ya tanuru huchomwa pamoja na makaa ya mawe yaliyookwa kwanza. Chuma hutoka kama uji mwekundu wenye joto la nyuzi zipatazo 1,500, na juu ya tanuru hutoka gesi. Gesi hiyo ni sumu, ila pia inawaka, na ingeweza kuishia kuchomwa bure hewani. Tangu mwaka 1982 hupelekwa katika kituo kiitwacho Lulekraft, mali ya pamoja ya kampuni ya chuma ya SSAB na shirika la nishati la mji. Huko huchemsha maji. Mvuke huzungusha mashine za umeme, na joto linalosalia huyapasha maji ya mji.

Maji hayo husafiri chini ya ardhi katika mabomba yaliyovikwa vizuri yasipoteze joto. Katika kila jengo kuna chombo ambamo maji ya mji hupitisha joto lake kwa maji ya nyumba bila kuchanganyika nayo. Kisha hurudi kituoni, yamepoa, yapashwe tena. Kwa miaka mingi joto la Luleå limekuwa miongoni mwa yaliyo nafuu kabisa nchini humo, jambo kubwa kwa mstaafu anayeishi kwa pensheni.

Hapo ndipo penye fundo. Moto huo mwema ni moto wa makaa ya mawe, na hewa yake ya ukaa huharibu tabianchi ya dunia, yetu ikiwamo. Mwezi Aprili 2024 SSAB iliamua kujenga Luleå kiwanda kipya cha matanuru ya umeme. Kampuni inakadiria kwamba badiliko hilo litapunguza hewa ya ukaa ya Uswidi nzima kwa asilimia 7. Ni habari njema, nami siwezi kuilaumu. Ila tanuru la zamani likizimwa, gesi nayo itakwisha, na mabomba chini ya mji yatadai joto kutoka kwingine.

Yako mabaki ya misitu, ambayo Uswidi inayo kwa wingi. Matanuru mapya pia yatakuwa na joto la kuokota, ingawa si gesi ile. Kipo hata kituo kikubwa cha kompyuta cha Facebook kilichofunguliwa mwaka 2013. Lakini hewa itokayo kwenye kompyuta ni ya uvuguvugu, na bila pampu za kuiongezea nguvu haiwezi kupasha mji. Kila njia ina gharama. Kwa maoni yangu, si haki gharama hiyo imwangukie mstaafu peke yake, kwa kuwa chuma kile kilijenga nchi nzima.

Mgeni mwenye nafasi asiondoke kabla ya kufika Gammelstad, mahali mji ulipokuwa hadi mwaka 1649, ulipohamishwa kwa kuwa nchi kavu huko huinuka na bandari ilikosa kina. Kanisa la mawe la karne ya 15 lingali limesimama, limezungukwa na vijumba 424 vya mbao. Waumini waliotoka mbali walilala humo wakati wa ibada. Kila jamaa waliwasha moto wao, kwa kuni zao, na ibada ilipokwisha waliuzima wakarudi kwao.