Hori na Mzigo wa Majani

Watu wa kwetu, kuanzia Bukoba hadi Muleba, huchagua mtamba wa maziwa kwa makini sana. Huuliza mama yake alitoa lita ngapi, humkagua miguu na kiwele. Lakini hori la kulia majani huachiwa fundi seremala, naye hulipigilia kwa mbao zilizobaki.

Nilipokuwa mwalimu mkuu niliweza kuitambua nyumba inayofuga ng'ombe bandani kwa kutazama daftari la mahudhurio. Mtoto wa nyumba hiyo alifika saa tatu, nguo zimelowa umande hadi magotini, viganja vimechanwa na mabingobingo. Ndiyo maana kwangu mimi hori ni jambo la shule pia.

Tufanye hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa huwekewa kilo 50 hadi 70 za majani mabichi kwa siku. Tuseme 60. Kwa mizigo ya kilo 20, ambayo kwa kweli inamzidi mtoto wa darasa la tano, hiyo ni mizigo mitatu. Ng'ombe akivuta chini na kukanyaga theluthi, mzigo mmoja mzima umebebwa bure.

Mzee mwenzangu, jirani, hakubali. Husema, "Mwalimu, majani hayo hayapotei, yanakwenda kwenye migomba." Ana hoja. Kibanja cha Mhaya kimeishi kwa samadi tangu enzi ng'ombe walipolala ndani ya msonge pamoja na watu. Ila kwa matandiko ya banda zatosha nyasi za rweya. Mabingobingo yamepandwa na kupaliliwa. Kuyatandika chini ni sawa na kuwasha moto kwa mbao za kabati.

Huko Marekani hasara hii wameipima. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitangaza matokeo ya farasi waliolishwa marobota makubwa ya mviringo ya majani makavu, kwa aina tisa za hori. Lililo bora lilipoteza asilimia 5, lililo baya asilimia 33, na robota lililowekwa chini bila hori asilimia 57. Farasi hatuna, na robota la namna hiyo lisingepita kati ya migomba yetu. Hata hivyo, watafiti wa Michigan waliwapima ng'ombe mwaka 2003 wakaona jambo lile lile: aina ya hori hubadili hasara, na ng'ombe anayetoa kichwa nje mara kwa mara hutoka na majani mdomoni, yakaanguka.

Basi la kutazama kwanza ni kichwa. Upande anaosimama ng'ombe pawe na mbao za mshazari, kichwa kiingie bila taabu lakini kisitoke upesi, atafune humo humo. Kila ng'ombe apate karibu sentimita 70, ama sivyo mwenye nguvu atamfukuza mwenzake. Sakafu ya hori iinuliwe kidogo kupita pale anapokanyaga. Hori la kuning'inia juu silipendi kabisa, kwa kuwa vumbi na mbegu humwingia mnyama machoni. Simenti husafishika vizuri na haiozi. Mbao ni rahisi kwa mwenye mfuko mdogo, ila fundi ahesabu misumari yake, maana ng'ombe humeza bila kuchagua, na msumari ukifika tumboni unaweza kumchoma hadi moyoni.

Majani yakatwekatwe kwa panga kabla ya kuwekwa. Mabua marefu hayafugiki katika hori lolote.

Mwaka jana tuliweka mbao za mshazari katika banda la mwanangu. Mjukuu sasa hubeba mizigo miwili, yote jioni. Mzee mwenzangu alikuja, akalizunguka hori, akaniambia migomba yangu itakonda. Yake ni minene kweli.