Siku Mbili Tangani Katika Ghuba ya Winam

Ziwa Victoria ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo limegawanyika kati ya nchi tatu: Tanzania ina karibu nusu yake, Uganda ina sehemu iliyopungua kidogo tu kuliko hiyo, na Kenya ina sehemu sita katika kila mia. Lakini sehemu hiyo ya Kenya, ingawa ni ndogo, si haba. Ndani yake imo Ghuba ya Winam, ambayo ramani za zamani ziliiita Ghuba ya Kavirondo. Ghuba hiyo ni mkono wa maji uliopenya bara kuelekea mashariki hata ukafika Kisumu, mahali ambapo reli iliyotoka Mombasa iliishia mwaka 1901.

Watu wengi wa Kisumu huliona ziwa kila siku, wala hawajapata kulisafiria. Huenda ukingoni siku ya mapumziko, wakala samaki na ugali, wakatazama jua likizama, kisha wakarudi nyumbani. Karani mmoja wa mji huo alikuwa mmoja wao mpaka alipotimiza miaka arobaini. Ndipo alipoweka akiba, akaundiwa mashua na fundi wa Dunga, yenye urefu wa mita tano, mlingoti mmoja na tanga moja la pembe tatu. Mwaka mzima alijifunza kuiendesha karibu na ufuo. Hata Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, yeye na mkewe wakafunga safari yao ya kwanza ya mbali: kwenda Kisiwa cha Ndere, kulala Seme kwa shangazi wa mkewe, na kurudi Jumapili jioni. Ijumaa karani aliwatangazia wenzake ofisini kwamba waje Dunga siku ya Jumapili, saa kumi na mbili jioni, wamwone akiingia na tanga.

UPEPO WENYE SAA ZAKE

Saa ya kuondoka ilichaguliwa na mkewe, maana yeye si mgeni wa maji. Alizaliwa Uyoma, katika nyumba ya mvuvi. Alisema waondoke saa kumi na moja alfajiri wala si baadaye, na sababu yake ilikuwa nzuri.

Katika ghuba hii upepo una saa zake kama gari la moshi. Usiku nchi kavu hupoa upesi, lakini maji ya ziwa hubaki na joto lake. Basi hewa iliyo juu ya maji hupanda, na hewa baridi ya bara hutiririka kwenda ziwani kujaza nafasi yake. Huo ndio upepo wa alfajiri, nao hutoka mashariki. Jua likiisha kupanda, mambo hugeuka: nchi hupata joto kuliko maji, na kuanzia adhuhuri upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea bara. Wavuvi wa zamani, kabla ya mashine kuja, walizijua saa hizo. Walitoka na upepo wa bara, wakarejea na upepo wa ziwa, wala hawakupigana na hata mmoja wao.

Walitweka tanga gizani. Kwanza iliwapasa kupenya katika magugu maji, mmea wenye maua ya zambarau ambao umewasumbua watu wa Kisumu tangu miaka ya 1990. Magugu hayo nayo hutii upepo: jioni husukumwa hadi ufuoni yakaziba bandari, na alfajiri huachana, yakafungua vijia vyembamba. Karani alishika usukani, na mkewe alisimama mbele na upondo akiyasogeza. Baada ya nusu saa walikuwa katika maji safi, taa za mji ziko nyuma yao, na mashua inakwenda bila sauti ila ile ya maji kupiga mbao.

Kulipokucha waliwakuta wavuvi wa omena wakizima taa zao. Kazi hiyo hufanywa usiku wa giza, maana mwezi ukiwa mkubwa omena hawavutwi na taa. Wavuvi walikuwa wamechoka, macho mekundu, lakini walisalimu, na mmoja akauliza kwa mzaha kama mashua ile ndogo inakwenda Uganda. Upande wa kusini Mlima Homa ulionekana wa buluu, kilele chake kimefunikwa na wingu jembamba. Upande wa kaskazini wakakipita Kisiwa cha Maboko, ambako wataalamu wamechimbua mifupa iliyogeuka mawe ya nyani walioishi miaka ipatayo milioni 15 iliyopita.

KISIWANI NDERE

Saa nne upepo wa bara ulianza kufa, kama mkewe alivyosema, na wakati huo Ndere ilikuwa mbele yao. Wakamalizia kwa makasia.

Kisiwa hiki hakizidi sana kilomita nne za mraba, nacho kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1986. Jina lake, kwa Kijaluo, husemwa kuwa maana yake ni mahali pa kukutania. Sehemu kubwa ni majani marefu na miti michache, na katika majani hayo huishi swala pala. Pembeni mwa maji mna viboko na mamba, na kenge wakubwa hulala juu ya miamba wakiota jua. Tai wala samaki hukaa juu ya miti mikavu wakiita kwa sauti kali inayosikika mbali. Karani na mkewe walitembea kwa saa mbili, wakala mihogo na chai chini ya mti, wakaitazama nchi ya Seme iliyo karibu upande wa pili wa maji. Upepo wa ziwa ulipoanza kuvuma, wakavuka.

Shangazi aliwapokea kwa furaha. Jioni ile aliwapikia ngege, akasema kwamba siku hizi kumpata ni bahati. Utotoni mwake ngege walikuwa chakula cha kila siku, lakini mbuta, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, aliwala wengi, na nyavu za macho madogo zikawapunguza waliosalia. Karani alisikiliza kwa adabu, kisha akaanza kueleza jinsi alivyoiendesha mashua. Shangazi alimtazama, akasema, "Umekuja vizuri, mkwe wangu. Kuja ni nusu ya safari."

MAWINGU YA NANDI

Jumapili, baada ya kanisa na chakula cha mchana, walishuka ufuoni. Ilikuwa saa nane. Upepo wa ziwa ulikuwa ukivuma sawasawa kutoka magharibi, nao ulitosha kuwafikisha Dunga kabla ya giza. Karani alifunga vyombo, wakavaa jaketi zao za kuelea, akashika kamba ya tanga.

Ghafula upepo ukakoma. Maji yakatulia, na tanga likaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Karani hakujali. Alisema upepo utarudi, na kwamba simu yake ilionyesha mvua kidogo tu, tena usiku. Lakini mkewe aligeuka akatazama mashariki. Huko mbali, juu ya milima ya Nandi, mawingu yalikuwa yamepanda yakawa meusi chini na meupe juu.

"Baba watoto," akasema, "upepo huu haukuchoka. Umezuiwa. Leo hatuondoki."

"Mama watoto, kesho saa mbili napaswa kuwa ofisini. Tena watu wananingoja Dunga."

Wakati huo huo wavuvi watatu wa ufuo ule waliwasha mashine ya mtumbwi wao, wakaelekea Kisumu. Karani akanyosha mkono. "Waone wale. Wao ni watu wa hapa, nao wanakwenda."

"Usisafirie nyota ya mwenzio," akajibu mkewe. Kisha akaketi juu ya ukingo wa mashua, akasema neno ambalo hakupata kulisema kwa urefu tangu walipooana. Kaka yake mkubwa aliondoka Uyoma siku iliyotulia namna ile, ziwa kama kioo, kwa sababu alikuwa amemwahidi mtu kwamba atafika. Mashua ilionekana siku ya pili. Yeye alionekana siku ya nne. "Baba hakumlaumu Mungu wala ziwa," akasema. "Alisema, mtoto wangu aliogopa kuchekwa."

Karani alikaa kimya muda mrefu. Kisha akalikunja tanga, akaitisha vijana, wakaivuta mashua mpaka juu ya mchanga.

Saa kumi na nusu dhoruba ikafika. Adhuhuri na alasiri joto huinua hewa yenye maji juu ya milima ile ya mashariki. Mawingu yakijaa, mvua huanguka, na hewa baridi hukimbia mbele yake kuelekea ziwani, ikikutana uso kwa uso na mtu anayerudi Kisumu. Ndivyo ilivyokuwa. Mawimbi yalivunjika meupe pale pale ambapo saa mbili kabla yake palikuwa kama sakafu, na mvua ikaficha kisiwa kabisa. Ghuba ya Winam haina kina kirefu, na kwa hiyo mawimbi yake ni mafupi na ya kusimama. Mashua ndogo haipati nafasi ya kupanda moja kabla ya jingine kuipiga.

Usiku habari zikaja kwamba mtumbwi wa wale watatu ulipinduka. Hawakuwa na jaketi, lakini walishika mitungi mitupu ya plastiki, na watu wa omena wakawaokota wakiwa wamekufa ganzi. Mashine na nyavu vilizama. Ufuo mzima ulimshukuru Mungu kwamba ni mashine tu.

Alfajiri ya Jumatatu karani na mkewe walipanda matatu barabarani, na saa mbili kasorobo alikuwa mezani pake. Wenzake walikuwa wamengoja Dunga hadi mvua ilipowafukuza, nao walimcheka sana: baharia gani huyu arudiye kwa matatu? Aliwaacha wacheke. Walipokwisha, aliwaeleza habari za wale watatu, na hakuna aliyecheka tena.

Mtu anayetaka kusafiri kwa tanga katika ziwa hili hahitaji mali nyingi. Ahitaji mashua nzima, jaketi kwa kila mtu, jicho la kutazama mashariki baada ya adhuhuri, na moyo wa kukubali kwamba saa ya ofisi ni nyingine na saa ya ziwa ni nyingine.

Jumamosi iliyofuata walirudi Seme kuichukua mashua. Upepo wa ziwa ulivuma saa nane, mbingu juu ya Nandi ilikuwa safi, na saa kumi na moja na nusu walikuwa Dunga. Mkewe ndiye aliyeshika usukani njia nzima. Safari hii karani hakumwita mtu yeyote kuja kumtazama.