Nafasi ya Mtu wa Tatu

Tulikuwa wacheza densi watatu, na redio moja ya kanda. Tulifanyia mazoezi katika ukumbi wa mtaani Eastlands, kwenye saruji iliyotuchubua magoti. Stima ikipotea, muziki unakatika, nasi twaendelea kwa kusikiliza pumzi zetu. Mwishowe tukaacha kabisa kuiwasha redio. Pumzi zilitosha.

Waliotupa moyo walikuwa hapa hapa Nairobi. Mwaka 1998 kundi la Gàara, la Opiyo Okach, Faustin Linyekula na Afrah Tenambergen, lilishinda tuzo Luanda kwa densi iitwayo Cleansing. Tuliamini basi kwamba mwili wenyewe unatosha. Kituo cha sanaa cha GoDown kilipofunguliwa mwaka 2003, katika godauni lililowahi kuwa gereji, tulikwenda kutazama densi kila tulipopata nauli.

Nauli ndiyo iliyotupunguza. Mwenzetu mmoja alianza kukosa mazoezi ya Jumanne, kisha ya Alhamisi, kisha akapata kibarua cha usiku. Onyesho lilikuwa wiki iliyofuata. Hatukuwa na muda wa kutunga upya, kwa hiyo tukamwachia nafasi yake. Pale pa kumshika mkono, tulinyoosha mikono hewani. Pale alipopaswa kukatiza jukwaa, tulisimama tukamngoja apite.

Watazamaji walisifu sana ule utupu. Walisema tumejua kupunguza. Nami nikaipokea sifa hiyo, hata nikajifunza kuieleza: nikawataja Yvonne Rainer na wenzake, waliocheza katika kanisa la Judson, New York, tangu 1962, wakaacha madoido na kufanya mwendo wa kawaida kuwa densi. Sikusema kwamba wao walivua kwa hiari. Sisi hatukuwa na cha kuvua, ila mtu.

Leo nafundisha katika chumba chenye sakafu ya mbao, vioo na spika mbili kubwa. Bado naupenda uchache. Hatua moja iliyopimwa vizuri hunigusa kuliko kumi za mbwembwe. Lakini siwezi tena kuusifia ukata kana kwamba ndio mwalimu wetu. Ulitufundisha, ndiyo, na ada yake alilipa mmoja wetu.

Juzi niliwapa vijana densi ile ya zamani. Msichana mmoja akasimama katikati ya chumba, mkono hewani, akauliza, "Mwalimu, hapa tunamngoja nani?"

Nikalitaja jina lake. Kisha nikauliza ni nani hana nauli ya kurudi nyumbani. Mikono minne ikainuka.