Njia ya Kaole na Viatu vya Marehemu Babu

Tulitoka Bagamoyo mjini baada ya Swala ya Alfajiri, wazazi na watoto watatu, tukielekea Kaole kwa miguu, mwendo wa kilomita tano hivi upande wa kusini. Nia yetu ilikuwa kuwaonesha watoto magofu ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, na kuwaonjesha, japo kidogo, mwendo wa wapagazi wa zamani. Wale walitembea baina ya Bagamoyo na Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000, na mizigo ya karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Wengine walikwenda pekupeku, wengine kwa makubazi ya ngozi.

Kijana wetu mkubwa alivaa viatu vya safari vya marehemu babu yake, tulivyovihifadhi kabatini miaka sita kama amana. Hatujafika nusu ya njia, soli ya kulia ikabanduka, ikamomonyoka kama mkate mkavu. Akainamisha kichwa, akidhani ameharibu kumbukumbu ya babu, kisha akaendelea kuchechemea na kiatu cha kushoto.

Tulimkumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kutembea na kiatu kimoja: ama vivaliwe vyote, ama vivuliwe vyote. Akavivua, akafika Kaole pekupeku.

Tuliporudi mjini tulimwendea fundi viatu mmoja, mzee aliyeketi chini ya mwembe. Kijana akamwamkia, "Shikamoo, babu." Mzee akaitikia, akavigeuza viatu mkononi, akasema, "Ngozi nzima kabisa, mjukuu wangu. Kilichokufa ni soli, na imefia kabatini."

Akatueleza kwamba soli laini za viatu vingi vya safari, pamoja na gundi yake, huharibiwa polepole na joto na unyevu wa pwani, hata kiatu kisipopiga hatua. Basi kabla ya safari ndefu, bonyeza soli na ukunje kiatu uone kama kuna ufa. Kikiingia maji ya bahari, kisuuze kwa maji baridi, kikaushe kivulini, usikianike juani. Na usiiamini gundi peke yake, soli ishonwe.

Alikata soli mpya kwenye tairi kuukuu, kama zile za katambuga, akazibandika, kisha akazishona kuzunguka ukingo. Tukawasimulia watoto alivyopokea Bi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe. Kijana akaomba sindano, akamalizia mishono ya mwisho chini ya jicho la fundi.

Tulidhani kuitunza amana ile ni kuifungia. Sasa kijana huvivaa viatu hivyo kwenda msikitini, na kila avivaapo humwombea babu yake. Allah amrehemu, na awarehemu marehemu wetu wote. Amin.