Milimita Tatu za Jino la Msumeno

Jamaa zetu wa Lamu, Mombasa na kwingineko, mmetuuliza mara nyingi habari zetu za huku, nasi tumekuwa tukijibu kwamba ni njema, ambalo ni jibu la mtu asiyetaka kusema mengi. Leo tutawasimulia habari za kabati moja la vitabu.

Sisi ni mume na mke, watu wa pwani, tulioletwa Buna na kazi ya ualimu. Buna ni mji mdogo wa Kaunti ya Wajir, kwenye njia iendayo Moyale. Ni nchi kavu. Miti yake ni ya miiba, si ya kupasulia mbao, na plaiwudi huja juu ya lori pamoja na unga na saruji. Wazazi wa watoto wa chuo walipochanga fedha ili misahafu na juzuu zisikae tena ndani ya magunia, walitukabidhi sisi kazi hiyo kwa hoja moja tu: kwamba watu wa Lamu wote ni mafundi. Hatukukanusha.

Zikanunuliwa plaiwudi mbili za futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220. Tukaazima msumeno wa umeme wa mviringo, na jenereta ya jirani. Tulitaka kupasua kila plaiwudi kwa urefu iwe mbao nne, basi tukagawanya 1220 kwa 4, tukapata 305, tukaweka plaiwudi ya kwanza juu ya mabenchi mawili na kuanza kukata kwa macho, huku tukipima 305 upya baada ya kila mkato. Plaiwudi ikabonyea katikati, ikaubana msumeno, nao ukaruka nyuma kwa kishindo. Alhamdulillahi mkono haukuwa njiani. Mkato ulikwenda kama njia ya ngamia aliyeona jani kushoto na jani kulia, na ubao wa nne ulipotoka ulikuwa milimita 296. Jino la msumeno lina unene wake. La kwetu lilikula milimita 3 kila lilipopita, nasi hatukulihesabia chakula chake.

Usiku ule tulibishana. Mmoja wetu aliona ubao mwembamba uwekwe chini kabisa, na kingo zilizopinda zielekezwe ukutani, nani atapima? Mwingine akasema fedha zile ni amana, na miongoni mwa waliochanga wamo waliouza mbuzi. Hatutasema nani alikuwa upande gani, maana hadi leo hatupendi kukumbushana.

Asubuhi tulimpigia simu Mzee wetu aliyeko Matondoni, aliyekula umri wake akiunda vyombo kwa tezo. Alicheka kwanza, kisha akauliza, "Wanangu, msumeno mliupa nani wa kuuongoza?" Tukajibu, macho. "Macho yangu yamekaa miaka arobaini kwenye tezo. Yenu yalikaa wapi?" Tukanyamaza. Akampa simu mdogo wetu, ambaye hutengeneza makabati ya jikoni, naye ndiye aliyetufundisha reli.

Reli hiyo huuzwa madukani ikiwa ya alumini, lakini yetu tuliitengeneza kwa plaiwudi ileile tuliyoiharibu. Ule ukingo wake uliotoka kiwandani ulikuwa haujaguswa, nao ulikuwa umenyooka kuliko chochote kilichokuwa nyumbani mwetu. Tukapasua ukanda mwembamba wenye ukingo huo, tukaugandisha kwa gundi na skrubu juu ya plaiwudi nyembamba ya milimita 6, ukingo mnyofu ukielekea ndani, tukaacha ile nyembamba itokeze kwa upana uliozidi kidogo kitako cha msumeno. Kisha msumeno ukapitishwa mara moja, ubavu wake ukiegemea ukingo ule, ukakata kilichozidi. Tangu hapo ukingo wa chini wa reli ndio mahali hasa jino linapopita. Huhitaji tena kukisia: unaulaza juu ya alama, upande wa ubao unaoutaka, unabana ncha zote mbili kwa klampu, unasukuma. Reli huyakandamiza pia maganda ya juu ya plaiwudi yasichanike vibanzi.

Plaiwudi tuliilaza chini, juu ya boriti nne, isipate pa kubonyea, na jino tukalishusha lipite unene wa plaiwudi kwa milimita chache tu. Hesabu nayo tuliianza upya: mbao nne za 300 ni 1200, mikato minne ni 12, jumla 1212. Zikabaki 8.

Ayeyo wa nyumba ya pili alikuja kutazama, akakaa kivulini muda mrefu. Mama huyu amejenga na kubomoa aqal mara zisizo na idadi, miti iliyopindwa na mikeka, vyote vikipakiwa juu ya ngamia, wala hamna mstari mnyofu hata mmoja. Akauliza kwa nini mbao zetu haziwezi kukatwa bila kupandiana migongoni. Hatukuwa na jibu la kumtosheleza.

Plaiwudi ya kufidia ile iliyoharibika tuliilipia kwa mshahara wetu, na tulingoja lori siku tisa. Baada ya swala ya Alasiri tuliwaeleza wazazi habari yote, pamoja na yale mabishano ya usiku. Kukawa kimya kidogo. Kisha baba mmoja akauliza kama ile reli inaweza kuazimwa, kwani ana mlango wa kukata.

Reli haijakaa nyumbani wiki mbili mfululizo tangu siku hiyo. Ubao wa milimita 296 uko jikoni mwetu, tumepanga juu yake makopo ya unga na sukari.