Unyevu Katika Sanduku la Mpole



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini sisi wa kikundi cha biolojia tunaweka nyoka ndani ya sanduku na tena tunamtafutia maji, hapa Goma ambapo mtu anapanga mstari na bidoni tangu alfajiri. Wengine hawakuuliza, walihukumu tu. Ndiyo maana tunaandika ukurasa huu. Na kwa kweli kazi hii ya unyevu imetufundisha fizikia kuliko ubao.

Mpole ni nyoka wa nyumba, rangi yake kahawia, na mistari miwili hafifu kila upande wa kichwa. Wataalamu wanaita jamaa yake Boaedon. Hana sumu, chakula chake ni panya. Alitufikia mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi kidogo, kutoka kwa mtu aliyemweka ndani ya debe la bati karibu na jiko la makala. Mwalimu wetu alimtambua kwanza, kabla ya mkono wa mtu kumgusa. Ninyi pia msishike nyoka msiyemjua: katika mafunjo na majani marefu ya milima ya Kivu anaishi yule wa kijani, Atheris nitschei, ambaye sumu yake si mchezo.

Hali yake ilikuwa mbaya. Ngozi ya zamani ilimbaki mwilini vipande vipande, kama maganda ya mahindi. Jambo baya zaidi lilikuwa macho. Nyoka hana kope. Jicho lake linafunikwa na gamba moja linaloangaza kama kioo, na gamba hilo linapaswa kutoka pamoja na ngozi yote. Hewa ikiwa kavu mno, ngozi inakatika na lile gamba linabaki. Mpole alikuwa nayo yamebaki macho yote mawili. Hakula. Panya alipita mbele yake naye akatazama ukuta. Bwana Prefe alikuja, akamwona, akasema: "Nawapa mpaka Pasaka. Asipopona, sitaki kumwona tena hapa." Tulielewa maana yake.

Mmoja wetu alitaka kuyatoa yale magamba kwa kibano. Mwalimu akakataza kabisa, maana ukivuta gamba la jicho unaweza kuharibu jicho lenyewe. Dawa ni kungoja ngozi inayofuata, na kutengeneza hewa nzuri ili itoke nzima. Kwa nyoka wa aina hii hewa nzuri ni unyevu wa 50 mpaka 60 kwa mia siku za kawaida, na zaidi kidogo wakati anapokaribia kujivua.

Basi, wengi wanafikiri kwamba unyevu ni kumwaga maji. Apana. Hewa ya moto ina tumbo kubwa kuliko hewa ya baridi, inabeba mvuke mwingi zaidi. Chukua hewa ya digrii 20 yenye unyevu wa 70 kwa mia, uipashe mpaka digrii 30 bila kuiongezea maji: unyevu unashuka karibu na 40 kwa mia. Maji ni yale yale, lakini hewa sasa ina kiu, na inakunywa ngozi ya nyoka. Ndiyo sababu lile debe karibu na jiko lilimwumiza. Lakini usiku wa Goma ni baridi, naye anahitaji joto. Tuliweka chupa ya maji ya moto upande mmoja tu, nje ya sanduku, na upande wa pili tukauacha baridi. Anachagua mwenyewe.

Kupima ndiko kulikotupendeza zaidi. Tulichukua vipimajoto viwili vya labo, kimoja tukakivalisha kitambaa cha pamba kilicholowa, tukavipepea. Kikavu kikisema 22 na kile cha kitambaa kikisema 15, unyevu ni karibu 50 kwa mia. Kikisema 18, ni karibu 70. Jedwali la kitabu limeandikwa kwa watu wanaokaa usawa wa bahari. Sisi tuko karibu mita 1,500 juu, hewa ni nyepesi, hata maji yetu yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Kwa hiyo mwalimu alitusaidia kusahihisha hesabu. Mwenzetu mmoja alisoma kwamba de Saussure wa Geneva alitengeneza mwaka 1783 kipimo kinachotumia unywele wa mtu, maana unywele unarefuka unaponyonya mvuke. Akaja na meshi za saluni! Tukamwambia: mama, hiyo ni plastiki, haina kiu. Unywele wa kweli, ulioshwa kwa sabuni ukatolewa mafuta, unasukuma mshale wetu mpaka leo.

Ndani ya sanduku tulitumia mawe ya volkeno. Tunayalaumu sana mawe haya. Mvua inanyesha, na mara moja maji yanazama ndani ya lava. Ndiyo sababu mji wetu hauna mito ya kuteka. Lakini yale mepesi yenye matundu yanashika maji ndani yake na kuyaachilia polepole. Tukayapanga ndani ya kopo la plastiki, tukaloesha, juu yake tukatandika yale majani mafupi laini kama zulia yanayoota kwenye mawe ya kivulini, tukatoboa mlango. Hilo ndilo chumba cha unyevu. Sehemu nyingine yote ya sanduku inabaki kavu, na matundu ya hewa yanabaki wazi pande mbili. Ukiziba matundu ili kuhifadhi maji, kuvu inaota, tumbo la nyoka linatoka malengelenge, naye anaanza kupumua kinywa wazi. Sanduku lenyewe liko juu ya meza. Hapa kwetu hakuna anayeweka kiumbe shimoni. Mnajua mazuku, ile gesi nzito inayolala katika mabonde na kuua mbuzi bila kelele.

Sasa, habari ya maji. Dada mmoja alitusimamisha na bidoni yake mgongoni: "Sisi tunabeba maji tangu ku ziwa, na nyinyi munapatia nyoka? Ule ni adui tangu Edeni!" Hatukucheka. Wote tunakumbuka 22 Mei 2021, lava ilipoharibu mabomba na tangi kubwa, na familia zetu zikatafuta maji mbali. Tulimjibu kwa hesabu. Bakuli na chumba chake vinakula lita moja na nusu kwa juma. Bidoni moja ya lita 20 inampeleka zaidi ya majuma 13, na maji ya bakuli yanayotolewa yanamwagilia maharagi ya darasa la pili. Kunawa mikono yetu kwa sabuni, jambo la lazima baada ya kumgusa, kunakula maji kuliko yeye. Dada alisema hesabu ni nzuri lakini nyoka ni nyoka. Hapo tuliachana, na hatumlaumu. Anabeba kweli.

Katikati ya Februari macho yalikuwa ya buluu kama maziwa yenye maji mengi: dalili ya kujivua. Aliingia chumba chake akakaa siku sita. Ngozi ilitoka karibu nzima, na jicho la kushoto likafunguka. La kulia, bado. Tulingoja tena. Juma moja kabla ya Pasaka tulikuta ngozi nyingine imegeuzwa nje-ndani kama soksi, na ndani yake, upande wa kulia, magamba mawili ya jicho yameshikana. Jioni ile alikula panya. Bwana Prefe aliishika ile ngozi karibu na dirisha, akaitazama muda, akauliza tu nani atakuwa na ufunguo wa labo wakati wa likizo.

Swali hilo bado. Kuanzia Juni mpaka Agosti ni kiangazi kikuu, na kopo linataka kuloeshwa kila siku ya pili. Tunao watu wanne, tunahitaji sita. Anayekaa karibu na shule, na asiyeogopa, atuone labo Jumatano saa ya mapumziko. Kikombe alete chake.